Acheni Kusema Mjapani Hafi

Kila jioni pale kinyozini kwetu kuna kesi moja ambayo haijawahi kupata hakimu. Gari la Mjapani na gari la Mmarekani, porini, kwenye tope, lipi linadumu? Wanaokaa benchi la ndani wanasema Mjapani hafi. Wanaokaa nje, hasa wale wenye ndugu waliohamishiwa Marekani, wanatoa simu na kuonyesha picha: shemeji ameegemea Jeep nyekundu, nyuma yake theluji. Eti nyie hamjaona magari. Zogo linaanza, na kuna siku mtu alisusa akaondoka na nusu ya kichwa hakijanyolewa.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, kwa hiyo kesi hii naisikia mpaka usingizini. Nimeichoka. Siyo kwamba ni ya kipuuzi. Ni kwamba pande zote mbili zinakosea, na kosa lao ni lilelile la watu wenye kalamu, wale wanaosaini karatasi za kuagiza magari yanayokuja kambini. Wa kinyozini akikosea, anarudi nyumbani na nusu ya kichwa. Wa kalamu akikosea, ngoja nisimulie.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, mvua ile ya kutokoma. Usiku jirani yetu alishikwa na uchungu, zahanati ikasema apelekwe hospitali Kasulu haraka. Ule mkonga wa wagonjwa (kwa wageni: mkonga ni Land Cruiser ndefu yenye bomba la hewa limepanda juu pembeni ya kioo) ulikuwa safari nyingine. Likatolewa gari jingine, pikapu ya Kimarekani ya milango minne, mpya, inanukia mpira. Aina yake siitaji. Mume wa jirani hakuwepo, mama yangu akaniambia panda. Nikapanda.

Hatujafika Makere, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Dereva akasema siyo kitu. Kilima kilichofuata gari likaishiwa nguvu, likawa linakwenda mwendo wa mtu aliyebeba kuni. Dereva akazima, akawasha, akazima tena. Na injini ilikuwa inaunguruma vizuri tu, jamani! Hakuna kilichovunjika. Kompyuta ya gari ilisoma kwamba presha ya dizeli haiko sawa, ikaamua kuikatia injini nguvu ili isiharibike. Ndivyo ilivyotengenezwa. Ililinda injini.

Mkonga ulitufikia baada ya muda wa saa mbili na nusu hivi. Jirani alishajifungulia kwenye kiti cha nyuma, muuguzi akimulikiwa kwa simu yangu. Mama alipona. Mtoto hakupona. Sisemi gari ndilo lililomuua. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba mtoto alishachoka tangu zahanati, na huenda hata tungefika mapema ingekuwa vilevile. Namwamini. Lakini ile "huenda" sikuweza kumpelekea mama wa mtoto, na mpaka leo nikipita mlangoni kwake nasalimia haraka haraka.

Kesho yake kinyozini walikuwa wameshatoa hukumu. "Si tulisema? Mmarekani huyo!" Na hapo ndipo nilipokasirika, kwa sababu siku hiyohiyo nilikuwa nimesimama karibu na Papa fundi akiichungulia ile pikapu. Huyu mzee alitumika garaje Uvira miaka mingi kabla ya vita, mikono yake inajua spana kuliko inavyojua kijiko. Alifungua filta ya dizeli, akamimina kwenye kikombe cha plastiki, akaniita. Chini ya kikombe palikuwa na maji, na juu ya maji takataka nyekundu kama vumbi la barabara yetu.

"Motokari hii haina makosa, mwanangu," akasema. "Imefanya vile baliifundisha. Miye sina ile mashini ya kuzungumuza nayo."

Sentensi hiyo ina ukweli wote, na kinyozini hawakutaka kuisikia.

Tuanze na hiyo imani ya damu. Wanaosema Mjapani ni Mjapani na Mmarekani ni Mmarekani hawajui kwamba Land Cruiser ni mjukuu wa Jeep. Katika Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1941 mpaka 1945, viwanda vya Willys na Ford vilitengeneza Jeep za jeshi zaidi ya 600,000. Gari dogo, chuma kitupu, ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za mabapa, askari yeyote mwenye spana anaweza kulifungua. Vita vya Korea vilipoanza 1950, magari ya namna ile yakahitajika yatengenezwe hukohuko Japani. Toyota ikaunda la kwake mwaka 1951, likaitwa Toyota Jeep BJ, na mwaka huohuo likapandishwa Mlima Fuji mpaka kituo cha sita kuonyesha ubavu. Zabuni ya jeshi la polisi la akiba hawakuipata. Iliyochaguliwa ilikuwa Jeep ya Willys, ikaja kutengenezwa na Mitsubishi kwa leseni. Na kwa kuwa jina "Jeep" lilikuwa mali ya Willys, mwaka 1954 Toyota wakalibatiza gari lao jina jipya: Land Cruiser.

Kwa hiyo hiyo mnayoisifu ilianza kama Jeep ya kuiga, iliyonyimwa kazi na iliyonyang'anywa jina. Sisi wa kambi hii, tunaojua maana ya kupimwa kwa karatasi ya nchi ulikozaliwa kabla hujafungua mdomo, tungekuwa watu wa mwisho duniani kupima kitu kwa pasipoti yake.

Mtasema hiyo ni historia, tuonyeshe kilomita. Sawa. Mwaka 2022 kampuni ya iSeeCars ya Marekani ilipanga orodha ya magari yanayoweza kufika mbali kuliko mengine, kwa kuangalia maili za mamilioni ya magari. Wa kwanza Toyota Sequoia, wa pili Toyota Land Cruiser, maili 280,236, yaani kama kilomita 451,000. Benchi la ndani, msishangilie bado. Wa tatu ni Chevrolet Suburban, Mmarekani, maili 265,732, kama kilomita 428,000. Mjapani ameshinda, sikatai. Ameshinda kwa hatua moja, siyo kwa maili ya mbingu na ardhi kama mnavyohubiri. Na hiyo ni Marekani, ambako spea ya Chevrolet iko kila kona na fundi wake yuko kila mtaa. Ukiwapa wote wawili spea na fundi, tofauti inakuwa ndogo kiasi hicho. Hapa kwetu tofauti ni kubwa. Basi tujiulize kilichopungua hapa ni nini.

Papa fundi ananiambia injini inayodumu ina tabia moja: inakubali kufunguliwa. Injini ya ule mkonga inaitwa 1HZ. Ilitoka mwaka 1990. Silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu yake inapima dizeli kwa chuma na springi, haimuulizi mtu wala kompyuta. Ina nguvu ndogo kwa ukubwa wake, ina kelele, kilimani inavuta kama punda mzee. Lakini maji yakiingia kwenye dizeli, unamwaga, unasafisha, unavuta ile pampu ya mkono, unawasha, unaondoka ukikohoa. Nozeli zikichoka, kuna watu wa kuzitengeneza.

Sasa msikilize hii. Mmarekani naye anayo ya hivyo. Kuanzia 1989 mpaka 1998 pikapu za Dodge Ram zilikuwa na injini ya Cummins ya lita 5.9, silinda sita, valvu kumi na mbili, pampu ya chuma vilevile. Huko Marekani wakulima wanaitafuta mpaka leo. Tena ina jambo moja ambalo 1HZ haina: ndani haina mkanda wa taiming, ni gia tupu. Mkanda wa 1HZ ukiacha kubadilishwa kwa wakati wake, unakatika, valvu zinapigana na pistoni, na Mjapani wako asiyekufa anakufa barabarani kwa sekunde moja. Kuna taa ya kukumbusha mkanda kwenye dashibodi. Kuna pia ujanja wa kuizima taa hiyo bila kubadilisha mkanda. Nimeuona ukifanyika, na aliyeufanya alicheka akasema, "Toyota hii, bwana, haiwezi kufa."

Unaona sasa kwa nini nasema acheni msemo huo? Siyo msemo mtupu. Unaua magari. Mtu akiamini gari lake halifi, habadilishi oili kwa wakati, hakazi bolti za fremu, hamwagi maji kwenye filta. Mwenye gari la Kimarekani kwa kuogopa analihudumia kama mtoto mchanga. Mwenye Toyota analitesa kwa sababu ni shujaa. Halafu tunashangaa mkonga umelala kwenye mawe na jeki chini.

Na Mjapani wa leo siyo yule wa zamani. Mwezi wa nne 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Toyota za dizeli zaidi ya 260,000, Hilux, Prado na Fortuner, zilizouzwa kuanzia Oktoba 2015 mpaka Aprili 2020, zilikuwa na kasoro kwenye mfumo wa kile kichujio cha moshi. Kichujio hicho kinakusanya masizi, halafu kinatakiwa kipate joto kali ili yaungue. Joto hilo linataka safari ndefu ya kasi kwenye lami. Sasa nionyesheni hapa kambini gari linaloenda kasi. Kutoka ofisini kwenda kwenye ghala, kutoka ghala kwenda kwenye bomba la maji, gia ya pili siku nzima, watoto mbele, mbuzi mbele. Ukileta gari la namna hiyo hapa, liwe la Tokyo au la Detroit, umeleta mgonjwa.

Tena hizo pasipoti zenyewe zimechanganyika. Ford Ranger tunayoiita Mmarekani ilichorwa Australia, na nyingi zinazofika upande huu wa Afrika zimeundwa Afrika Kusini, karibu na Pretoria. Hilux nayo inaundwa Durban. Majirani kabisa! Land Cruiser pikapu nyingine zinaunganishwa Mombasa. Sasa hapo damu ya Kijapani na damu ya Kimarekani mnaipima kwa kipimo gani?

Kwa hiyo uimara wa porini hauko kwenye bendera. Uko kwenye vitu viwili: gari lenyewe ni jepesi kufunguliwa, na spea yake inapatikana umbali gani kutoka pale lilipofia. Bushi ya mkonga unaipata Kasulu. Ukiikosa Kasulu, utaipata Kigoma mjini, mpya au ya kuchomolewa kwenye gari lililokufa. Ile sensa ya pikapu yetu, kitu kikubwa kama kidole gumba, ilitafutwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, ikakosekana, ikaagizwa nje. Ilipofika, ikagundulika kwamba anahitajika mtu mwenye kompyuta maalumu kulifutia gari kumbukumbu ya ugonjwa wake. Huyo mtu alikuja, akasema na nozeli mbili zimekufa. Zikaagizwa. Wakati huo wote gari lilikuwa chini ya mwembe, na lilikuwa halijafika hata kilomita elfu arobaini. Ukilinganisha kiwandani, pengine ndilo gari bora kuliko mkonga mara tatu. Breki nzuri, viti vizuri, mifuko ya hewa ya kukulinda. Chini ya mwembe vyote hivyo havina kazi.

Najua wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili wana la kusema, na wengine nimeshabishana nao ana kwa ana. Wanasema: kijana, ule mkonga unaoupenda ni hatari. Mabenchi ya pembeni, abiria wanatazamana magoti kwa magoti, gari refu juu, likipinduka hakuna wa kusimulia. Hapo wana haki. Mimi mwenyewe nimetapika kwenye benchi lile. Wanasema pia unakula dizeli na moshi wake hauruhusiwi Ulaya. Kweli tupu. Sitaki tupande magari ya mwaka 1990 mpaka Yesu arudi. Ninachokataa ni kununua gari jipya kwa bei ya gari peke yake. Bei ya gari porini ni gari pamoja na filta zake za miaka miwili, nozeli za akiba, ile kompyuta ya kulisomea, kichujio cha kutenganisha maji na dizeli pale kwenye pipa, na mtu hapahapa anayejua kuvitumia. Kama hela hiyo haipo, basi hela ya gari hilo haipo. Nunueni punda mzee.

Na kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi kwenye mikutano. Mashirika mengi huuza magari yao mnadani yakiwa na miaka mitano au zaidi kidogo. Sasa miaka mitano, ndugu zangu, kila gari ni zuri. Hata ndoa. Wanaojua gari linadumu au halidumu ni wale wanaolinunua mnadani na kulipeleka kubebea mihogo, maharage na watu kumi na wanane kwa miaka ishirini mingine. Hao hawana kiyoyozi wala hawaandiki ripoti. Waulizeni. Nilimuuliza mmoja sokoni Makere, anaendesha Land Cruiser ya kizamani yenye springi za mabapa mbele na nyuma, rangi ya shirika bado inaonekana chini ya rangi yake. Nikamwuliza kwa nini hakununua ya Kimarekani. Hakutaja Marekani wala Japani. Alisema, "Hii ikifa njiani, anayepita ataitambua."

Tafadhali rudieni hiyo sentensi. Anayepita ataitambua. Ndiyo maana ya gari imara huku kwetu.

Hapo ndipo vijana wangu wanapoingia, na hapa nasema kwa hasira ya kazi. Kambini kuna mafunzo ya ufundi magari. Mazuri, sikatai. Wanafunzi wanajifunzia kwenye injini moja iliyofungwa juu ya meza ya chuma. Injini hiyo haijawahi kuwaka tangu iletwe. Wanaifungua, wanaifunga, wanaifungua. Wakimaliza wanapewa cheti chenye muhuri. Mita mia kadhaa kutoka darasani kuna garaje ya kweli, magari ya kweli yanakohoa, na getini bango: wasiohusika hawaruhusiwi. Nani anahusika kuliko huyu anayebebwa na gari hilo akiugua? Fundi mwenye kompyuta analetwa kutoka mji wa mbali, analala hoteli, anafanya kazi ya siku mbili, anaondoka na ujuzi wake kwenye begi. Hakuna hata kijana mmoja aliyesimama nyuma ya bega lake kuangalia alibonyeza nini.

Niliomba kwa barua. Vijana wanne, wenye vyeti, wasimame tu waangalie, bila malipo. Nilijibiwa kwamba kuna suala la usalama na bima. Nilikubali jibu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Lakini nilifikiria ule usiku, ile taa ya njano, na kwamba kama dereva angekuwa amefundishwa kumwaga maji kwenye filta kila asubuhi, kazi ya dakika tano, pengine taa isingewaka. Dakika tano na ufunguo mmoja. Hicho si kitu cha Kijapani wala cha Kimarekani.

Kinyozini nimeshawaambia haya yote. Walinisikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akauliza, "Kwa hiyo wewe uko upande wa Jeep?" Nimeamua kuandika.

Ile pikapu bado iko chini ya mwembe. Kuku wa mlinzi wanatagia chini yake, na mtu ameshaiba betri. Nasikia itakwenda kwenye mnada. Juzi Papa fundi aliniuliza kama najua itauzwa kwa bei gani, nikamwuliza kama anataka kuinunua.

"Hapana," akasema. "Nataka matairi tu. Yatakaa vizuri mu ule mkonga."